Mke wangu ako trening ya uongozi, mimi nalala juu ya magunia ya viatu

Hapana admin, sijafukuzwa. Nyumba ni yangu, kodi nalipa mimi, na mke wangu ananipenda, angalau Jumapili iliyopita alikuwa bado ananipenda. Umeniuliza mbona basi nalala kwa kibanda yangu ya soko. Weka story yote, lakini jina langu ficha, juu mama mkwe ako na simu kubwa kuliko yangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, nauza viatu za mitumba hapa Kitale, na siku ya soko napeleka Endebess. Shule niliacha mapema, tuliachana vizuri, hakuna mtu alilia. Mke wangu ndiye alisoma. Ako ofisi ya serikali, mambo ya kilimo. Miaka yote trening zikikuja, wanaenda watu wa mkubwa, yeye anabaki kuwapigia chapa barua. Safari hii jina lake likatoka. Masomo ya uongozi na kutunga sera, huko upande wa Bungoma, wanalala huko huko. Nilifurahi bana, nilichinja jogoo, nikatangazia soko yote ati bibi yangu anaenda kufundishwa kuongoza, kama mimi sikuwa naongozwa tayari.

Shida ni mtoto. Ako miaka miwili, msichana wa kazi alikuwa ametoroka, na mama yangu alishaaga dunia. Siku moja natoka Endebess na gunia kwa mgongo, nafungua mlango, nakuta nani ameketi kwa kiti yangu amebeba mtoto? Mama mkwe, kutoka Tongaren, na begi ya kukaa, kumbe mke wangu amemuita alee mtoto. Yule mama alipiga nduru, akafunika uso na leso. Mimi nikarudi kinyumenyume mpaka nikaangukia karai ya nguo.

Najua wengine mtacheka mseme si mkae tu pamoja. Kwetu haiwezekani. Mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, hawakai meza moja, hata kupatana njiani kila mtu anatafuta upande wake. Ni heshima. Pasta aliniambia hiyo ni mambo ya zamani. Sawa, pasta amualike mama mkwe wake kwake kwanza, halafu tuongee. Nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia. Rafiki yangu wa karibu ako chumba moja na bibi na watoto wanne. Kwa hivyo nalala kwa kibanda juu ya magunia, na naamka nikinuka miguu za watu sijawahi kuwaona.

Asubuhi napeleka maziwa nyumbani. Naweka kwa mlango, nakohoa, naenda kusimama kwa ua. Tunaongea kupitia mtoto. Mama mkwe anasema kwa sauti, "Mwambie baba yako maziwa ya leo imekunywa maji." Mimi najibu, "Mwambie kukhu, nyanya yako, ng'ombe si yangu." Mtoto yeye anakula mchanga. Mke wangu akikuja wikendi tunapatana hapa kibandani kama watu wanaibiana. Majirani wa soko wameanza kuniuliza yule mrembo ni wa nani.

Hayo yote nilivumilia juu nilijua ina mwisho. Sasa Jumatatu akanipigia. Amechaguliwa tena, awamu ya pili, Nairobi, miezi nne. Ukimaliza hiyo ndio unaweza kupandishwa cheo. Jibu linatakikana Ijumaa.

Nikamwambia, "Mama watoto, si ulinieleza mmefundishwa mtu asipitishe sera kabla ya kuuliza wale itawaguza? Mimi nani aliniuliza siku mama yako alikuja?"

Nilidhani nimeshinda.

Akasema, "Ni kweli, sikukuuliza, na nilikosea. Sasa nakuuliza, baba watoto. Ukisema nirudi, nitarudi, na sitakulaumu."

Jameni! Kumbe kuulizwa ndio mtego. Nikisema arudi, hiyo nafasi inaenda kwa mtu wa mkubwa, na mimi nitaiona hiyo hasara kila siku kwa macho yake. Nikisema aende, miezi nne mingine juu ya viatu, na mvua ndiyo hiyo inaanza.

Leo asubuhi nimekohoa kwa mlango kama kawaida. Mama mkwe akaongea na mtoto, lakini pole pole. "Mwambie baba yako hata mimi nimefungwa humu. Siendi choo mpaka nisikie ameondoka. Ng'ombe zangu zinakamuliwa na jirani. Lakini nitakaa. Mimi niliitwa kusomea unesi nikiwa msichana mdogo, baba yangu akauliza nani atapika. Nikapika. Mpaka leo napika."

Nimeenda hata kikombe ya chai ananiwekeanga kwa mlango sijachukua.

Aende nitamwambia tu, hiyo najua. Lakini nataka niseme "enda" kama mwanaume ako na mahali pa kulala, isiwe ni neno limetoka juu ya gunia, alibebe mpaka Nairobi likimkata kama kiatu ndogo. Landilodi amekataa nijenge hata kibanda ya mabati kwa ploti. Sasa wewe unasoma, kama uko hapa Kitale na stoo, chumba ya nje, hata jikoni ya zamani haitumiki, tufanye biashara. Wewe nipe mlango ya kufunga mpaka mke wangu amalize masomo. Mimi nitalinda boma, nitapasua kuni, na familia yako yote itavaa viatu grade one, mpaka shangazi. Kama huna chumba, basi nishauri vile mtu anasema ndiyo na roho safi mgongo ukimuuma. Lakini mwenye chumba aanze. Andika hapo chini uko mtaa gani na unavaa saizi gani, kabla Ijumaa.