Afande na Mapaji ya Baridi

Akina mama walimwita Afande, ingawa hajawahi kushika bunduki wala kupigiwa saluti na hata kuku. Alikuwa mlinzi wa geti la kliniki ya watoto, mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye kiti kile kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Kazi yake ilikuwa kufungulia gari la daktari, kufukuza wachuuzi waliojibanza mlangoni, na kumwambia kila baba aliyeuliza kwamba ndiyo, choo ni kule, na hapana, hakina sabuni. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alipenda kumtania kwamba kazi yake ingeweza kufanywa na jiwe kubwa. Naye alimjibu kwamba jiwe lisingevumilia kukoroma kwake.

Ugonjwa ulipoingia, ule uliofunga shule na masoko, wakampandisha cheo bila kumwongezea kitu. Wakampa kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, kinachofanana na bastola ya kuchezea. Hapo ndipo jina la Afande lilipomganda.

Amri ilibandikwa ukutani na Sista Mkuu, muuguzi aliyeiendesha kliniki ile, mwanamke mnyoofu kama rula, maneno yake machache na yote yana makali. Atakayesoma thelathini na saba na nusu kwenda juu asiingie ndani. Aende kwenye hema la nyuma, mkubwa kwa mdogo, amsubiri daktari. Daktari mwenyewe alikuwa mmoja, na hafiki hemani mpaka amalize wodi. Kisha mgonjwa akae mle siku mbili kusubiri majibu ya kipimo.

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Amri ilikuwa na maana yake. Mle ndani kulikuwa na vichanga wa wiki moja, na korido nyembamba kiasi kwamba wanene wawili hawapishani bila kusalimiana. Lakini lile hema watu walilisema. Walisema mtoto anaingizwa kwa mlango huu, mama anatolewa kwa ule. Haikuwa kweli hata kidogo. Ila uongo haupangi foleni; ulikuwa umeshafika kila nyumba kabla hema halijakazwa kamba.

Wiki ya tatu Afande akaona maajabu. Watoto wote walikuwa wazima. Thelathini na tano na nukta nne. Thelathini na tano na nukta tisa. Mtoto analia kwa sauti iliyokwaruza, macho mekundu kama pilipili, kipimajoto kinasema baridi. Akamweleza mumewe kwamba watoto wa siku hizi wana damu ya kenge. Mume akasema labda betri. Akabadilisha betri. Baridi ile ile.

Jibu alilipata siku ya Jumanne, na alilipata vibaya. Mama mmoja kijana, mke wa dereva wa lori, alipita na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Thelathini na sita kamili. Afande akamfungulia, tena akamtania kwamba mtoto ana mashavu ya mwenyekiti wa kamati. Mama na mtoto wakaenda kukaa kwenye foleni ya mizani, ya watoto wasioumwa, wanaokuja kupimwa uzito na kuchanjwa. Foleni ile haina haraka. Wenyeji wake wana afya na siku ni ndefu. Saa mbili zikapita. Kisha likasikika benchi likianguka.

Degedege lilikuwa limemshika mtoto mapajani mwa mama yake, macho yamegeuka juu, mikono imekakamaa. Wauguzi walimdaka, wakamlaza ubavu, wakamvua nguo, na baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko saa inavyoweza kuonyesha, mtoto akalia, na korido nzima ikashusha pumzi. Wakampima kwapani. Thelathini na tisa na nukta nane.

Afande aliinama kuokota blanketi la mtoto sakafuni. Ndani yake kulikuwa na kitambaa kilicholowa, kimekunjwa vizuri kama barua.

Hapo akaelewa. Nyuma ya ukuta, kwenye bomba la kunawia mikono lililowekwa kwa ajili ya ugonjwa huo huo, akina mama walikuwa wakiwapoza watoto mapaji kabla ya kufika kwake. Walifundishana. Alipokwenda kuchungulia alimkuta hadi msimamizi, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuuzia mnadani: paka, pepea, nenda upesi kabla joto halijarudi. Na yeye, Afande mzima na bastola yake, alikuwa amewapitisha watoto wangapi wanaowaka, wakakae kwenye foleni ya polepole kuliko zote? Alijaribu kuwahesabu akashindwa. Chakula cha mchana kikampoa mbele yake.

Mwingine angekwenda bombani kuwafokea. Naye kufoka alikujua. Mdomo wake ungeweza kupasua kuni. Lakini aliona mbele kidogo. Ukimfokea mwenye hofu, hofu haiishi, inahama. Watahamia ukuta mwingine, au watabaki nyumbani na mtoto anaungua. Walikuwepo wenye vyeti ambao hilo hawakuliona.

Akamwendea Sista Mkuu. Akamweleza yote bila kujitoa lawamani. Akaomba benchi moja tu liwekwe nje chini ya upenu, kando ya dirisha la chumba cha dawa, mbali na vichanga. Mtoto mwenye homa akae pale na mama yake, muuguzi amtazame hapo hapo, ahesabu pumzi, atoboe kidole, ampe dawa ya kushusha homa. Mambo ya hema yafuate baadaye.

Sista Mkuu hakuinua kichwa kwenye daftari. Akasema hana muuguzi wa ziada, amri imetoka juu, na kliniki haiendeshwi kutoka getini. Kisha akamkumbusha methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

"Ni kweli, Sista," akasema Afande. "Lakini hapa anayefichwa hajui hata kusema. Sasa kifo kitamuumbua nani?"

Akaambiwa arudi kwenye kiti chake.

Akarudi. Ila jioni ile alipitia nyuma ya stoo, akachukua benchi bovu lililotupwa, akalipeleka kwa mumewe. Mume akaliunga mguu bila kuuliza. Alipouona uso wa mkewe alijua maswali hayatajibiwa. Asubuhi likawa chini ya upenu, kando ya dirisha.

Foleni ilipojaa, Afande akakitia kipimajoto mfukoni na kusimama mbele ya watu.

"Akina mama wenzangu, bomba nimeliona. Simfokei mtu. Anayejua mtoto wake anawaka aniambie mimi, akakae kwenye benchi lile aonwe kwanza. Mtoto na mama yake, hakuna atakayewatenganisha. Atakayenidanganya mimi hanipunguzii kitu, mtoto ni wake."

Watu walitazama viatu vyao. Kisha yule bibi wa bombani, akiwa amembeba mjukuu wa miezi minane ndani ya shali, akapaza sauti.

"Na wewe ni nani hata utuahidi? Juzi ulikuwa unatuonyesha pa kuacha miavuli."

Watu wakacheka. Afande naye akacheka, maana ulikuwa ukweli.

"Mimi si mtu, bibi. Ndiyo maana nitasimama pale pale benchini. Wakija kuwatoa, waanze na mimi. Sina pa kwenda."

Hakuna aliyesogea. Alijua ameahidi kitu kisicho chake, kama mtu anayegawa shamba la jirani. Jasho likamshuka ndani ya barakoa. Kama wasingemwamini sasa, angelazimika kukitoa tena kile kipimajoto na kuendelea kuyasoma maji ya bomba kana kwamba ni afya.

Bibi alifunua shali kidogo, akamtazama mjukuu wake. Akafunika. Akafunua tena. Kisha akatoka kwenye foleni, uso ameugeuzia pembeni.

"Huyu anawaka tangu jana mchana," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Nimempaka maji mara tatu."

Afande akamshika mkono, wakaenda benchini, akagonga dirisha. Muuguzi wa dawa akasema hana ruhusa. Akagonga tena, kwa ngumi. Aliyetoka ni Sista Mkuu mwenyewe, akauliza nani ameweka benchi lile.

"Mimi, Sista."

"Kazi bado unaitaka?"

"Naitaka sana. Unaweza kuninyang'anya hata leo jioni. Ila mtazame kwanza mbavu."

Sista Mkuu alikuwa rula, lakini rula ya muuguzi. Alitazama. Kila mtoto alipovuta pumzi, nyama chini ya mbavu ilibonyea ndani. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi, akageuza saa yake ya kifuani, akahesabu dakika nzima bila kupepesa. Sitini na nne. Bibi alikuwa amemkumbatia mtoto kama anayesubiri kunyang'anywa, na Afande amesimama mbele yao, mikono nyuma, kama kweli ni askari.

"Leteni mtungi wa hewa hapa dirishani," Sista Mkuu akasema. "Na sindano." Kisha, akiwa bado chini, akaongeza, "Bibi anabaki na mtoto."

Ilikuwa nimonia; majibu ya kipimo cha ule ugonjwa mwingine yalipokuja hayakuonyesha kitu. Mtoto alivuta hewa ya mtungi hadi siku iliyofuata, halafu akaanza kudai uji kwa sauti ya bibi yake.

Afande aliletewa barua ya onyo, kwa kosa la kuhamisha samani za kliniki bila idhini. Aliisaini kwa mwandiko mzuri, na nakala bado iko kwenye faili lake. Huwezi kumtaka Sista Mkuu aache kuwa Sista Mkuu. Ila siku hiyo hiyo, chini ya amri ya ukutani, uliongezwa mstari kwa kalamu: watoto wenye homa waonwe kwanza benchini, pamoja na walezi wao. Mwandiko ulikuwa wa rula.

Katika daftari la geti, homa zilipanda kutoka mbili kwa siku hadi kumi na tisa. Ofisi ya afya ikapiga simu kuuliza kuna mlipuko gani pale. Sista Mkuu akawajibu kwamba hakuna mlipuko wowote, zamani walikuwa wanapima maji.

Asubuhi moja kabla Afande hajakaa sawasawa, mama wa kwanza kwenye foleni alikuwa ameshamfungua mtoto shingo, paji kavu, linang'aa kwa joto.

"Afande, wangu anachemka tangu alfajiri."

"Nenda pale kivulini, mdogo wangu," akasema, akigonga dirisha. "Na wewe nyuma yake, wako vipi? Sema tu."