Ngozi ya Mtamba wa Mgeni

Nosim wa Ngaramtoni hajui kunong'ona. Akiita mtu kutoka uani kwake, wenye maduka barabarani nao hugeuka. Ndiyo maana asubuhi ya tamasha, aliponivuta nyuma ya hema na kuniambia kwa sauti ya chini, "Brenda, mwanangu, hebu ona," nilijua kuna jambo.

Alifungua kiroba. Ndani mlikuwa na ngozi kavu ya ng'ombe mwekundu, masikio yote mawili yakiwa bado yameshikana nayo. La kushoto lilikuwa na chale mbili.

"Yeyo," nikamwambia, yaani mama kwa lugha ya kwao, "umeileta kufanya nini hapa?"

"Nampelekea mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Aslak, mzee kutoka kaskazini kabisa ya Norwei, anayesimamia tamasha la watu wa kwao. Mwaka uliopita kamati yetu ilimpa mtamba kama zawadi, akatiwa alama ya sikio mbele ya umati. Mtamba hapandi ndege, kwa hiyo Nosim alikabidhiwa amtunze mpaka mgeni arudi. Mwezi wa tano ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikamuua. Daktari wa mifugo alikuja, sindano zikapigwa, haikusaidia kitu. Na kwa watu wa Nosim, mnyama wa amana akifa, aliyemtunza humpelekea mwenyewe ngozi na masikio, ajue kwamba hakuuzwa wala hakufichwa. Ni hivyo tu, hakuna mjadala.

Mjadala ulikuwa kwa mwenyekiti wa kamati, Eliud. Alikuwa ameshaazima mtamba mwekundu kwa mfugaji jirani, Tajeu, akamkata chale mbili na kumfunga kwenye zizi la maonyesho, utepe wa bluu shingoni.

Sitaki kumsema Eliud kama mtu mbaya. Tamasha hili alilianza yeye, na watu kumi na wawili tu, wengi wao ndugu zake waliokuja kumwonea huruma. Leo wiki ya tamasha nyumba za wageni zinajaa mpaka Sakina. Akina mama wa ushanga wanauza zaidi kwa siku tatu kuliko miezi mitatu ya kukaa mjini, na wauza maziwa wa mlimani hawarudi na debe lenye kitu. Siku hiyo Aslak alikuja kusaini mkataba: kila mwaka wafugaji wa kwao watakuja kulala majumbani mwetu, na wanawake kumi wa kwetu wataenda tamasha la kwao. Katika orodha ya wale kumi, wa nne alikuwa Naserian, binti wa Nosim, ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga.

Hapo ndipo Eliud alipombana Nosim.

"Mama Naserian," alimwambia, nami nipo, "ukifungua mdomo leo, orodha nitaiandika upya. Mgeni akijua zawadi yake imekufa mikononi mwetu, atatuaminije na watu wake?"

"Na akijua umemdanganya?"

"Atajuaje? Wekundu wote hawa! Mzungu gani atamtambua mmoja?"

Nikaingilia. "Mwenyekiti, yule mzee ni mfugaji. Mwaka jana alisema jukwaani, mimi ndiye niliyetafsiri."

"Anafuga paa wa barafu, Brenda. Wewe kazi yako ni kutafsiri. Nikisema huyu ndiye, unasema huyu ndiye."

Nilitamani kumrushia kipaza sauti. Nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo, maana nilikuwa nimelipwa nusu na nusu ilibaki.

Saa tano gari la wageni likafika. Vijana wakaruka, vumbi likapanda. Aslak alishuka na kofia yake ya rangi nne, akasalimia wazee kwa mikono miwili, na kabla hajaonyeshwa kiti akaniuliza mtamba wake yuko wapi.

Eliud akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mwambie kwanza chai."

Nikamwambia. Aslak akasema chai itangoja.

Basi tukaanza kwenda zizini, Eliud mbele, mgeni na mimi katikati, umati nyuma. Hatua kama arobaini tu. Nilikuwa nimeshauona ule mtamba wa Tajeu. Chale zake zilikuwa mbichi, zimepakwa oili chafu kuzuia nzi, na oili ilikuwa inachuruzika mpaka shavuni. Mtoto wa darasa la pili angeuliza. Nikamtafuta Nosim kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa kamba ya kuzuia watu, kiroba kifuani, Naserian amemshika mkono. Binti alikuwa amevaa shanga zake zote, na alikuwa anatikisa kichwa: mama, usifanye, tafadhali.

Nosim akamtazama binti yake kwa muda. Kisha akautoa ule mkono, taratibu, akainama chini ya kamba.

"Mzuieni huyo mama!" Eliud akafoka. Hakuna aliyemgusa. Nani amguse mtu mzima aliyebeba ngozi?

Akasimama mbele ya Aslak, akaitandaza ngozi kwenye nyasi. Akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, ambayo haikuhitaji kipaza sauti, "Huyu ndiye wako. Alikufa kwangu. Sikumuuza."

Nikatafsiri.

Aslak akapiga magoti. Hakugusa ngozi kwingine kokote. Alilishika sikio la kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye chale ya kwanza, kisha ya pili, akatikisa kichwa kukubali. Akasema kwao mnyama akifia mlimani, sikio ndilo linalorudishwa kwa mwenyewe. Halafu akainuka, akaenda zizini, akaliinua sikio la yule mwenye utepe. Akatazama kidole chake kilichojaa oili na damu.

"Na huyu," akauliza, "ni wa nani?"

Nikalitafsiri swali. Nosim angeweza kummaliza Eliud kwa neno moja, nami nilimwombea alitamke. Alimgeukia tu.

"Mwenyekiti, umeulizwa."

Jasho lilimtoka Eliud mpaka kwenye kola. Mwishowe akasema, akiangalia viatu vyake, "Brenda, mwambie ni wa Tajeu. Mwambie nimemwazima mimi, na chale nimekata mimi. Mama huyu alikataa."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kwenye meza ya mkataba, chini ya hema, maofisa waliokuja kushuhudia saini walikuwa wameshasimama, kalamu mkononi, hawajui waketi au waondoke. Naserian alikuwa amejifunika uso kwa shuka. Aslak hakuwatazama. Alijifuta kidole kwenye suruali, akarudi kwenye ngozi, akakaa chini kabisa kwenye nyasi na kumwashiria Nosim aketi naye.

"Muulize," akaniambia, "aliumwa siku ngapi?"

Nilipolitamka swali hilo, Nosim akaanza kulia. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe. Tangu mwezi wa tano tulikuwa tumeingia uani kwake mmoja baada ya mwingine, Eliud, kamati, majirani, na mimi pia, na sote tuliuliza jambo moja: mgeni ataambiwa nini.

"Siku tatu," akasema. "Ya tatu hakuweza kusimama. Nililala naye zizini, nimemwekea kichwa mapajani."

Nikamtafsiria. Aslak akauliza kama mtamba alikuwa ameanza kulamba chumvi, na kama alikuwa mkaidi, na Nosim akajibu, akifuta machozi kwa kiganja. Nilikaa katikati yao nikitafsiri habari za ng'ombe mmoja, na mkataba ukasubiri.