Panya wa Sentensi ya Kumi na Saba

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka nahisi masikio yakiwaka, ingawa wengi walioishuhudia wameshazeeka na wengine hawapo tena. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Lakini jana nilikuwa nimekaa nje ya dirisha lenu, nikakusikia ukimfundisha mdogo wako Kiingereza cha mtihani. Akakuuliza, "Kwa nini hapa iko s na pale haipo?" Ukamjibu kwa sauti nzito, "Ndivyo kilivyo." Sauti ile naijua. Ni yangu. Umeirithi pamoja na pua, na pua peke yake ilikutosha.

Ilikuwa wakati wa Waingereza, miaka yao ya mwisho mwisho, nami nikisoma darasa la nane katika shule ya kati upande wa Kiomboi. Nilikuwa kiranja. Nilikuwa na kaptura iliyopigwa pasi na maoni makubwa juu yangu mwenyewe. Nilisoma Kiingereza kwa sauti iliyowafanya wazee wasimame njiani kusikiliza, na kwa kuwa hakuna aliyekielewa, hakuna aliyenisahihisha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na binti aitwaye Naomi, na tulisoma darasa moja. Naomi alinishinda hesabu, akanishinda jiografia, ila Kiingereza kilimsumbua, hasa ile sehemu ya kulinganisha kitendo na mtendaji wake. Alitaka kusomea uuguzi. Mjomba alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima: binti akifaulu mtihani wa darasa la nane, atakwenda, asipofaulu, kuna bwana mmoja wa Shelui, mwenye duka, aliyekwisha kuleta salamu za posa, naye atajibiwa. Naomi alikuwa amemwona bwana huyo mara moja tu. "Anatafuna hata akiwa hali kitu," aliniambia.

Basi mjomba akaniita uwanjani kwake. Mwaka ule mtama ulikuwa mwingi na kupura kulichelewa kwisha, kwa hiyo kila alasiri tulikwenda kumsaidia, vijana na akina mama, kila mtu na fimbo yake.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe ndiye unayekijua Kiingereza. Kila tukipumzika, mfundishe mwenzako. Na mimi nitasikiliza."

Mwanangu, hapo ningesema tu, "Mjomba, sehemu hiyo hata mimi siijui." Maneno sita. Ukweli ni kwamba majibu yangu darasani niliyapata kwa kusikiliza lipi linapendeza mdomoni. Lakini watu kumi walikuwa wameegemea fimbo zao wakinitazama, na kaptura yangu ilikuwa imepigwa pasi.

Mwalimu wetu, Mwalimu Eliasi, alikuwa ametupa sentensi ishirini na tano za mazoezi pamoja na majibu yake. Nikazipitia upesi. Nikaona chifu anakwenda, kitendo kina s. Daktari anakuja, kina s. Baba yangu analima, kina s. Watoto wanacheza, hakina. Mbuzi wengi wanakula, hakina. Nikakohoa.

"Hili ni suala la heshima," nikasema. "Sisi mkubwa tunampa shikamoo. Waingereza wanampa s. Chifu anayo, mwalimu anayo, baba anayo. Watoto na mbuzi hawana."

Mjomba akaweka fimbo chini. "Kumbe ni watu wenye adabu!"

"Sana, mjomba."

"Na mimi mwenyewe nikijisema?" Naomi akauliza. "Mbona hapa 'mimi ninakwenda' haina?"

"Nani anajiamkia mwenyewe shikamoo?"

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikaanza kuamini. Huo ndio ubaya wa uongo mzuri. Wa kwanza kuuamini ni mwenyewe. Kufika Jumapili, mjomba alikuwa ameutangaza hadi nje ya kanisa, na wazazi wengine wakawatuma watoto wao waje kujifunza heshima ya Kiingereza. Darasa zima la nane likahamia kwenye mtama wa mjomba, ambao, lazima niseme, ulipurwa vizuri.

Siku ya tatu tangu nianze kufundisha, Naomi akaja na daftari, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Binamu, sentensi ya kumi na saba. Panya anakula mahindi. Mwalimu ameweka s."

Nikatazama. Ilikuwepo.

"Panya huyu ni mzee wa wapi?" akauliza.

"Huyo," nikasema, "ni panya mzee."

"Kasema nani?"

"Inaonekana."

"Binamu, kama hujui, sema hujui. Nitafute mwingine mapema."

Alisema polepole, kwa ajili yangu, ili watu wasisikie. Ningemshukuru. Badala yake nikapandisha sauti: "Wewe unataka kufundishwa au unataka kubishana?" Mjomba akasikia, akamgeukia binti yake na kumkaripia kwa Kinyiramba. Kwa Kiswahili ilikuwa kama hivi: ukipewa mwalimu, unafunga mdomo na kufungua masikio. Naomi akafunga daftari. Hakuuliza tena.

Majuma mawili yakapita hivyo. Kisha Mwalimu Eliasi akatupa jaribio, kutuonjesha mtihani wenyewe. Kesho yake akaingia darasani amebeba madaftari yetu kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alikuwa mtu wa Itigi, mpole, asiyependa kelele.

"Nimefundisha miaka mingi," akasema. "Nimeona wanafunzi wakikosa kila mmoja kwa njia yake. Leo ndiyo mara ya kwanza naona darasa zima likikosa kwa njia moja. Wazee wengi wanakaa barazani, mmewapa s. Mbwa mmoja anabweka, mmemnyima. Mbwa kawakosea nini?"

Shingo zote zikageuka kunitazama, taratibu, kama mtama unaopigwa na upepo.

Aliniita nje. Naomi alikuwa amepata tisa kati ya ishirini na tano, akasema. Na yalikuwa yamebaki majuma matatu tu. Nikamnyooshea mikono nichapwe. Akaitazama, akatikisa kichwa.

"Fimbo itaacha kukuuma kabla ya uji wa saa nne," akasema. "Binti yule akifeli, yeye itamuuma hadi uzeeni, huko Shelui. Kwa hiyo maumivu hayo hayalingani. Leo alasiri nenda kwa mjomba wako, kwenye uwanja uleule, mbele ya watu walewale, useme kwamba hujui."

Nilitembea, mwanangu, kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Niliwakuta katikati ya kupura. Nikamwamkia mjomba shikamoo mara mbili, maana ya kwanza haikutoka. Fimbo zikasimama.

"Mjomba, ile habari ya heshima niliitunga. Sikujua. Naomi aliniuliza nami nikamnyamazisha. Kosa si lake."

Mjomba akaegemea fimbo yake. "Kwa hiyo ile s si shikamoo?"

"Si shikamoo. Mwalimu ameniambia wanahesabu tu. Mtendaji akiwa mmoja, naye si mimi wala wewe, kitendo kinapata s. Wakiwa wengi, hakipati."

"Hata chifu?"

"Hata chifu."

"Hata Bwana DC mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anapewa s sawa na panya?"

"Sawasawa, mjomba. Yeye mmoja, panya mmoja."

Nilijua nitapigwa. Lakini midomo ya mjomba ikaanza kutetemeka, kisha mabega, kisha akakaa juu ya mtama wake, akacheka mpaka machozi. "Bwana DC na panya!" akawaambia akina mama. "Kumbe Waingereza wenyewe wanajua kwamba wote wanakula mahindi yetu!" Alipomaliza alijifuta uso, akamwita Naomi, na mbele ya wote akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona mzee wa rika lake akimfanyia binti yake. Akamwambia, "Mwanangu, nilikufunga mdomo ukiwa na haki. Haya, sema."

Naomi akafungua daftari. Nyuma kabisa, alikuwa ameshazipanga sentensi zote ishirini na tano katika mafungu mawili: mmoja, wengi. Siku ileile ya panya alikuwa ameshagundua. Lakini kwenye jaribio aliandika kama nilivyomfundisha, kwa sababu baba yake alimwagiza anitii.

Majuma yale matatu yeye ndiye aliyefundisha na mimi nilikaa chini. Hakuwa mwalimu mpole. "Mbwa?" ananiuliza. "S," najibu. "Mbwa wawili?" "Hapana." "Kiranja mmoja mwenye majivuno?" Nilijibu, na nilijibu kwa sauti.

Majina yaliposomwa shuleni, lake lilikuwa la tatu. Mjomba alikwenda Shelui mwenyewe kwa miguu kurudisha zile salamu. Naomi akasomea uuguzi, akafanya kazi hospitalini hadi nywele zikawa nyeupe. Mimi nami nilipenya, karibu na mwisho wa orodha, nikaendelea mpaka chuo kikuu, ambako nimekutana na wasomi wengi wenye panya wazee wao.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usione aibu ya kutojua kanuni, kanuni hufundishwa. Lakini mtu akikuuliza, na hujui, mwambie siku ileile. Ukimpa jibu la uongo, humpi jibu baya tu, unamnyang'anya siku ambazo angezitumia kutafuta jibu kwa mwingine, na mtihani haungoji. Na aliye chini yako akikuuliza "kwa nini", usimnyamazishe kwa ukubwa wako. Pengine yeye ameshaona. Nenda sasa hivi kwa mdogo wako, umwambie lile la jana hukulijua, mkalitafute wote.

Mungu ampe mdogo wako kichwa chepesi na tumbo lililotulia asubuhi ya mtihani. Nawe akupe wa kukuuliza maswali magumu, na ulimi usioogopa kuwaambia, "Sijui, tuangalie."