Mayai Niliyoyauza Nikiwa na Mimba

Nakumbuka asubuhi moja mama mkwe wangu alipoketi jikoni kwangu hapa Kitale, akala yai la kuchemsha huku amefumba macho. Alikuwa amepita miaka sitini na hilo lilikuwa yai lake la kwanza. Wewe, mwanangu, unakula mayai bila kufikiri, tena unanuna kiini kikikauka, kwa hivyo itabidi nianzie mbali kidogo ndipo unielewe.

Mimi si wa Bungoma kwa kuzaliwa. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia, nikakulia huku kwenye mahindi. Nilipoolewa na Wafula, kijana wa Bokoli kule Bungoma, kwetu walisema nimepotea. Kwao walinipokea vizuri, lakini nilijua wananitazama. Basi nikaapa kwamba hakuna mke wa boma lile atakayeshika mila zao kunishinda. Nilikuwa na kichwa kigumu, na nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa ya miezi minne. Nililia mpaka nikachoka, na hata sasa sipendi kuisimulia. Nilipopata ya pili, shangazi wa mume wangu, senge kama wanavyomwita huko, alinivuta kando akaniambia kwamba katika ukoo wao mwanamke mjamzito hagusi yai. Mtoto atakuwa mkubwa kupita kiasi, akasema, na atatolewa kwa kisu. Wanawake wa rika lake wengi hawakuwa wameonja yai tangu wazaliwe, maana mayai na kuku vilikuwa vya wanaume. Nilikubali bila swali. Angeniambia nisinywe maji, pengine ningekubali pia.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila Wafula alipoenda kwao, mama yake alimpa mayai ya kienyeji, njugu na chupa ya maziwa atuletee. Mayai na njugu nilimuuzia mwenye kibanda cha chai jirani yetu, nikarudi nyumbani na sukari, mkate na jemu. Asubuhi nilikunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vijiko vinne vya sukari, na mkate uliopakwa jemu mpaka pembeni. Nilijiona nakula kama watu wa mjini.

Kazi yangu ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine, karibu na soko. Ikifika saa nne mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka, nyuzi zikaniponyoka, nikamfokea mzazi wa watu aliyekuja tu kuulizia sweta ya mtoto wake. Hapo nilikimbilia soda na mandazi. Nilitulia kidogo, kisha kabla ya saa sita ile hamu ilirudi na nguvu zaidi. Wenzangu walinicheka, ati mtoto wangu atazaliwa mtamu, nami nikacheka nao.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, nesi wa kliniki alinipima mara mbili, kisha akafunga mlango. Aliniambia sukari yangu ya damu iko juu, ile inayowapata wengine wakiwa na mimba, na mtoto amekua kuliko miezi yake. Nisipoishusha, akasema polepole, ninaweza kumpoteza, au tukaumia wote wawili siku ya kujifungua. Alipouliza nakula nini asubuhi, nilimwambia bila kuficha. Akaniagiza niache ile sukari, siku yangu nianze na mayai, maharagwe, maziwa, chakula cha kujenga mwili.

Niliitikia, lakini moyoni nilijua mayai siwezi kugusa. Nilitembea hadi nyumbani nikilia. Mtoto alikuwa ameshakuwa mkubwa kupita kiasi, na mimi sikuwa nimeonja hata yai moja. Yaani jambo lile lile nililoogopa lilikuwa limeletwa na chai yangu, na bado sikuliona.

Wafula alimweleza mama yake habari za kliniki, naye akaja. Mila haikumruhusu kulala nyumbani kwa mwanawe, kwa hivyo alilala kwa dada yake kule Kiminini, akafika kwangu asubuhi akitembea kwa fimbo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekatwa. Alinikuta mlangoni namkabidhi yule mwenye kibanda mayai aliyotutumia juma lile.

Hakupiga kelele. Alimsalimu yule mtu, akamwomba mayai kwa upole, akayapokea akaingia nayo jikoni. Kisha akaniuliza kwa nini nauza chakula cha mtoto. Nikamweleza maneno ya senge, tena kwa majivuno, nikitarajia anisifu. Akayaweka mayai mezani.

"Hii mayai nilikuwa natumia wewe," akasema. "Si Wafula. Wafula anaweza kula hata mawe."

"Lakini ni mila ya kwenu, mama."

"Ni mila, ndiyo. Hata mimi niliishika. Wanaume walikula mayai, sisi tukashiba chai ya sukari. Angalia hii mguu yangu." Akainua mguu uliokatwa vidole. "Na huyo mtoto akikufa, mila itakuja kumlilia? Ni mimi na wewe tutalia."

Hapo ndipo nilipomwambia ukweli niliokuwa nimeuficha hata kwa mume wangu. Niliogopa kwamba nikila yai na mtoto akapata shida, boma zima litasema mke wa kutoka nje ndiye aliyemuua. Mama mkwe alinitazama kwa huruma ambayo sikuitegemea.

"Basi weka sufuria kwa moto," akasema. "Mimi nitakula kwanza. Wakisema, waseme tulikula wawili."

Alikula lote. Alifumba macho, akameza kama mtu anayemeza dawa. Nami nikala langu, machozi yakinichuruzika hadi kidevuni.

Alirudi kila asubuhi kwa wiki mbili kutoka Kiminini, na fimbo yake. Tulikula mayai na mboga, siku nyingine maharagwe ya jana na kipande kidogo cha ugali, na chai ya maziwa isiyo na sukari ambayo mwanzoni niliiona kama adhabu. Siku za kwanza kichwa kiliniuma na nilimwonea kijicho kila mtu mwenye andazi. Wiki ya pili nilishtuka kuona ni saa sita, na nilikuwa nimefuma tangu asubuhi bila kukumbuka soda. Nesi aliendelea kunipima, na sukari ikashuka kidogo kidogo. Mwanangu wa kiume alizaliwa na uzito wa kawaida, bila kisu. Senge alikuja kumwona, akasema hayo ndiyo matunda ya mke anayesikia. Mimi na mama mkwe tuliangalia chini.

Mama mkwe mwenyewe sukari ilimshinda mwanangu alipokuwa darasa la pili. Walimkata mguu, na baada ya hapo hakukaa sana. Inaniuma hadi leo kwamba aliniwahi mimi na hakuna aliyemwahi yeye.

Kwa hivyo, mwanangu, wewe uliyeko chuo cha Kibabii unayesoma kwa soda na mkate mkavu, na wewe unayefungua duka kwa chai ya vijiko vinne, nisikie. Chakula chako cha kwanza kiwe cha kukushika: mayai, maharagwe, dagaa wa omena, njugu, maziwa, chochote kilichopo kwenu kabla hujakiuza. Hamu ya sukari itapungua yenyewe, hutahitaji kupigana nayo mchana kutwa. Kama una mimba au unaugua, nenda ukapimwe na ushike dawa ulizopewa. Na ukimwona mwenzako anaogopa kuanza kwa sababu ya macho ya watu, usimpe hotuba. Kaa naye mezani, uwe wa kwanza kula.

Mungu akujalie mwili wenye nguvu na mikono iliyotulia. Akupe watoto wakuzike wewe, si wewe uwazike wao. Na siku utakapoogopa, akupe mama kama yule.