Mara Tatu Mamangu Aliniita

Mwanangu Rashidi, umenitumia picha ya vile vidude vya masikioni visivyo na waya, ukaniuliza kama ni vya kununua uvae kila siku au ni pesa za kutupa. Najua umeniuliza kwa mzaha, ukidhani nitakujibu neno moja halafu nikuulize umekula nini huko Changamwe. Sasa nisikize, maana jibu langu ni refu na halina mzaha ndani yake. Kuna alasiri moja huijia roho yangu kila nikimuona mtu ameziba masikio, na wewe hujawahi kunisikia nikiitaja.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, hapa hapa Shika Adabu, nyumba hii hii kabla haijaezekwa mabati. Babangu alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa, nimebaki mimi na mamangu. Nyanyako huyo hukumuwahi. Alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwangaza aliuona, lakini uso wa mtu hakuujua tena.

Babake alikuwa mwalimu wa chuoni, akisomesha Kurani, akawalea wanawe kwa adabu ya hodi: unabisha mara tatu, usipoitikiwa unageuka unarudi ulikotoka, wala huna haki ya kununa. Mamangu akaitia adabu hiyo katika kila jambo. Hata mimi bintiye aliniita mara tatu, taratibu, hakuwa mtu wa kupayuka. Nami nikiitika, "Abee, mama," nakwenda namshika mkono. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifika jikoni, uani, msalani.

Mwaka huo binamu yangu alirudi kutoka Uarabuni, akaniletea kiredio cha kanda cha kufunga kiunoni, pamoja na vispika vyake vya kuvaa kichwani vyenye sponji. Lo, Rashidi! Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nacho. Nikajiona mimi ndiye mimi. Nikafua navyo, nikafagia navyo, nikapika navyo mpaka wali ukaungua. Mamangu alisema mara moja tu, "Mwanaisha, hicho kitu chakutoa nyumbani na hali umekaa." Nikacheka. Nikamwambia, "Mama na wewe! Nakusikia vizuri tu." Uongo mtupu.

Basi siku yenyewe mafundi walikuwa wamechimba mtaro uani wa kupitisha bomba la maji, baina ya mlango wa nyuma na pale mamangu alipokuwa akitawadha. Walipoondoka kwenda kuswali, mmoja wao aliniambia, "Dada, muangalie mama." Nikasema haya. Kisha nikenda zangu barazani mbele, nikakaa nasuka ukili wa mkeka, kanda yangu yalia masikioni. Upande mmoja ukiisha, nageuza.

Sikusikia kitu. Nilichokijua ni mkono wa Bi Mwanajuma, jirani yetu, umenivua vile vispika na kunizaba kofi. "Wewe mwana wewe! Mamako akuita, mimi namsikia kutoka kwangu, wewe wa hapa barazani husikii? Haya, yumo mtaroni!"

Alitaka kutawadha, wakati wa sala wampita. Aliita, akangoja, akaita, akangoja, akaita. Kisha akapapasa ukuta akaenda mwenyewe.

Tulimtoa mimi na Bi Mwanajuma na yule fundi aliyerudi mbio. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hakulia. Alishikilia leso aliyojifunga isimfunuke mbele ya mwanamume, hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Nikamuangukia miguuni, "Mama, nisamehe." Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Yamekwisha." Na kweli alinisamehe, maana mamangu hakuwa na unafiki.

Lakini tangu siku hiyo hakuniita tena.

Miaka mitatu alilala kitandani, Rashidi, miaka mitatu. Akiwa na kiu alikaa na kiu yake mpaka nije mwenyewe. Nikimkuta midomo imekauka namwambia, "Mama, mbona hukuniita?" naye husema, "Ah, nilijua utakuja." Kile kiredio nilikuwa nimeshampa mtu zamani. Nikauhamishia mkeka wangu mlangoni mwa chumba chake, nikasukia hapo, kimya, masikio wazi, nangoja. Wallahi nilikuwa naomba aniite, hata kama ni kwa kunitukana. Nilikuwa nimeiweka "abee" yangu mdomoni tayari. Hakuniita.

Siku zake za mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza huku nalia, "Mama, kwani bado una kitu na mimi?"

Akanipapasa uso. "Sina kitu na wewe, Mwanaisha. Siku ile nilikuita mara tatu, nikajua nakusumbua. Nikaona nisikuudhi tena."

Mwanangu, angenilaani ningeona afadhali. Hakuwa na hasira hata chembe. Aliamini kuwa nilimsikia, nikaamua kukaa. Nikamuapia kuwa sikusikia, vile vitu vilinizuia. Akasema, "Haya, mwanangu," vile anavyoambiwa mtoto anayejitetea. Ijumaa ya wiki hiyo tukamzika, na mpaka anaingia kaburini hakuniamini.

Haya, swali lako. Vinunue ukitaka. Huko kwenu kazini kuna makelele ya malori na simu za wateja kutwa, vitakufaa. Usivitolee pesa nyingi, maana ni vidogo, kimoja kikikudondoka kwenye msongamano wa feri kimekwenda, na vikifa havina fundi. Vile vya waya angalau vyaungwa. Ukiwa njiani vaa sikio moja, uwasikie madereva na wanaokusalimu.

Lakini ukifika mlangoni kwako, kabla hujabisha hodi, vitoe uvitie kwenye kasha lake. Mkeo akisema nawe, usimjibu kwa kutikisa kichwa. Na ikitokea umeitwa hukusikia, na yatatokea, usiseme nitamuona baadaye. Inuka umfuate, mwambie kwa mdomo wako, "Sikukusikia, niite tena," siku hiyo hiyo, angali anaweza kukuamini.

Mungu akufungulie masikio yako kwa wanaokuhitaji, mwanangu. Na akupe watu watakaokuita kwa jina lako kila siku ya umri wako, wasichoke. Amin.