Ndiyo ya Fundi Kimya

Fundi viatu wa kona ile, waliyemwita Kimya, hakuwa kimya hata kidogo. Alizaliwa kiziwi, lakini mikono yake ilikuwa na domo. Alimwiga mteja bahili kwa vidole tu mpaka benchi zima likashika mbavu.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemsemea kila mahali. Kimya alipokomaa, dada akamtafutia mchumba bila kumuuliza. Binti akaletwa nyumbani na shangazi yake, akakaa ukingoni mwa kiti, macho mekundu kwa kulia. Kimya akajigusa kifua, akamwelekezea kidole, akainua nyusi: unataka? Binti akatikisa kichwa. Kimya akabeba begi lake, akawasindikiza yeye na shangazi mpaka kituo cha basi.

"Umepiga teke riziki!" dada akamfokea kwa ishara. "Nani mwingine atakukubali?"

"Kwani huyu alinikubali? Mliokubali ni nyinyi."

Miaka ikapita. Mwanamke mmoja, dobi wa mtaa wa pili, akaanza kumletea Kimya viatu visivyo na ubovu wowote. Lugha ya ishara dobi huyo alijifunza kwa kukosea. Siku moja alitaka kusema soli imebanduka, akasema mbuzi amechoka. Walicheka mpaka machozi. Hatimaye wakakubaliana kuoana.

Dada akaja juu. "Anakuonea huruma tu, mdogo wangu. Na wewe ndoa utaiweza wapi?"

"Umenilea, dada, nakushukuru. Lakini kulea si kumiliki."

Dada alinuna, ila siku ya ndoa alikuja. Msajili akamgeukia yeye: "Mama, huyu anakubali?"

Dada akafungua kinywa kwa mazoea. Kimya akamshika mkono taratibu. Dada akamwambia msajili: "Muulize mwenyewe. Mimi nitatafsiri."

Kimya akajibu kwa mikono miwili, jibu refu kweli.

"Amesema ndiyo," dada akatafsiri, akicheka. "Hayo mengine ni ya bibi harusi."

Msajili akamgeukia dobi. Hapo Kimya, aliyejiamini tangu asubuhi, akakodolea macho mikono ya dobi. Ndiyo yake alikuwa nayo mwenyewe. Hii nyingine hakuwa na haki ya kuidai, ila kuingoja. Dobi akampa mgongo msajili, akamjibu Kimya kwanza.

Wanaishi nyuma ya chumba cha kufulia. Hugombana kama wengine. Dobi akitaka neno la mwisho huzima taa, na Kimya hupapasa akitafuta tochi.