Niliponda comic ambayo sikuwa nimeifungua, na mzee mmoja Kitengela akaniuliza swali

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Nimeona kwa ule uzi mwingine watu wanatukanana juu ya superhero gani ni bora na gani ni takataka. Nimesoma kimya kimya siku tatu. Leo wacha niwape yangu. Mahali niliaibika nitaandika vile niliaibika, sitajipaka mafuta.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza kwa shule moja ya kutwa hapa Kitengela. Mwalimu wa bodi, wale hawajasomea ualimu lakini chaki wanashika. Nilikuwa nimetoka Bungoma, nimekodi chumba kimoja nyuma ya soko, na nilikuwa na miaka ishirini na tano. Mnajua mtu wa miaka hio anajiona nani.

Kwa comics hasa, nilijiona profesa. Miaka ya tisini mjomba wangu alikuwa askari wa geti Nairobi, na akija nyumbani Disemba alikuwa anatuletea comics ambazo watoto wa tajiri wake wametupa. Nilizisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Kwa hivyo nikisema shujaa fulani ni bure, nilitarajia watu waandike mahali.

Karibu na stage kulikuwa na duka la Halima. Photocopy, kalamu, vitabu vya mitumba. Familia yao ilitoka Wajir, na babake, Mzee Abdullahi, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Huyu mzee sauti yake ilijulikana. Soko la mifugo pale Kajiado alikuwa akitaja bei akiwa upande huu, mtu wa upande ule anajibu.

Halafu akapata stroke. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakaanza kutoka moja moja, kama maji ya mfereji siku ya mgao. Akili iko sawa kabisa, ni ulimi tu umekataa kazi. Halima akamwekea kiti kwa mlango wa duka ili asikae nyumbani akiangalia ukuta.

Hapa niungame kitu. Nilikuwa na tabia ya kummalizia mzee sentensi.

Akisema, "Maalim, leo..." mimi naruka, "Leo jua ni kali, Mzee, kweli kabisa!" Ananiangalia tu. Mimi nafikiri nimemsaidia.

Sasa, kampuni moja ya comics huko ng'ambo ilikuwa imeamua kuanzisha mashujaa wake wote upya. Wakaita relaunch. Shujaa amefika issue mia mbili na kitu, amezeeka, ameoa, ameachwa, anarudishwa number one kama mtoto anayerudia nursery.

Halima akapata katoni moja Nairobi. Mashujaa sita, nakala chache za kila mmoja, kila nakala imefungwa kwa plastiki na selotepu. Mpango wake ulikuwa kuazimisha wanafunzi, kama library ndogo hivi.

Akaniita. "Mwalimu Barasa, wewe si unajua hizi vitu. Nipangie kutoka ile nzuri mpaka ile mbaya, na uandike maneno kidogo kwa kila moja. Nitabandika kwa mlango. Wanafunzi wako wakiona ni wewe umesema, watasoma."

Wakuu, nilibeba zile comics sita kama jaji amepewa kesi ya wizi wa mabilioni.

Majina yalikuwa ya Kiingereza lakini nitawapa yale wanafunzi walizipatia baadaye.

Namba moja niliweka Mapacha wa Mvuke. Ndugu wawili wanageuka mvuke, wanaingia mahali popote penye ufa. Hio nilisoma mara mbili, na mpaka leo nasimama nayo.

Namba mbili, Mwanamke wa Vioo. Anaingia kwa kioo cha nyumba hii anatokea kwa kioo cha nyumba ile. Nilisoma yote. Nikaandika kwamba saluni zote za Kitengela ziko hatarini. Nilijichekesha sana.

Namba tatu, Nzige wa Chuma. Nilisoma, nikalala, nikaamka, nikamaliza.

Baada ya hapo nikakumbuka niko na composition za Form Two za kusahihisha. Kwa hivyo namba nne, Mtu wa Chumvi, ambaye akigusa kitu kinakuwa chumvi, niliangalia picha peke yake. Namba tano, Kikosi cha Machweo, nilisoma nusu.

Ya sita ilikuwa Mlinzi wa Daraja. Kwa cover kulikuwa na mzee amesimama kwa daraja, mvua inamnyeshea, ameshika fimbo. Nikaiangalia nikiwa nimeishika hivi, kwa mkono mmoja. Nikaandika:

"Nafasi ya mwisho: Mlinzi wa Daraja. Shujaa mzee, mchovu, anatembea na fimbo. Huyu walimrudisha ya nini? Angeachwa na pensheni yake. Adui akimngoja dakika tano atamkuta amelala."

Nikapiga mstari chini. Nikajipongeza kwa chai na mandazi mawili.

Asubuhi yake nikampelekea Halima. Alisoma karatasi yote pole pole. Akafika ya sita, akasimama.

"Hii uliisoma yote?"

"Mwanzo mpaka mwisho," nikasema. Hata sikupepesa.

Akachukua zile comics, akaziweka chini ya kaunta. Akakata selotepu na meno, akabandika review yangu kwa mlango, hatua moja kutoka kwa kiti cha babake.

Kwa siku nne nilikuwa celebrity. Wanafunzi walikuwa wananinukuu darasani. Ukipita stage unasikia mtu anaambia mwenzake, "Wewe ungeachwa na pensheni yako!"

Jumamosi mchana nikapita pale dukani kuvuna sifa zangu. Kulikuwa na watu kama kumi na wawili hivi, wengi wanafunzi wangu. Mzee Abdullahi alikuwa kwa kiti chake. Akainua mkono wa kushoto, akaita Naserian, msichana wa Form Three, mmoja wa wale wanaosoma mpaka maandishi ya pakiti ya unga.

"Soma," mzee akamwambia, akionyesha karatasi yangu. "Ya... mwisho."

Naserian akaanza akicheka. "Shujaa mzee, mchovu, anatembea na..." Akaona fimbo ya mzee imeegemea ukuta. Sauti ikashuka.

"Soma," mzee akarudia.

Akasoma mpaka "atamkuta amelala". Nilianza kutafuta simu kwa mfuko na sikuwa hata na simu siku hizo.

"Maalim," mzee akasema. "Yule mzee... kwa daraja... basi ilipokuja..."

"Alipigana nayo!" nikaruka.

Akaningoja. Kisha akamalizia mwenyewe, "...aliisimamisha... na nini?"

Wakuu, sikujua hata kama kuna basi.

"Na nguvu zake," nikasema.

Naserian aliniangalia vile unaangalia mtu ameingia choo ambacho si chake. "Nguvu gani, Mwalimu? Si nguvu yake ilikuwa sauti? Na ilipotea page ya kwanza?"

Kumbe kila siku baada ya swala ya adhuhuri, Halima alikuwa anamsomea babake zile comics kutoka nakala zilizobaki dukani, akimtafsiria kwa Kisomali. Ile ya mzee wa daraja walikuwa wameisoma mara tatu. Na wanafunzi wangu kadhaa walikuwa wanakaa hapo wakisikiliza. Mimi peke yangu ndiye sikuijua, na mimi ndiye nilikuwa nimeandika karatasi.

Halima akainama chini ya kaunta. Akatoa nakala niliyorudisha, akaiweka juu. Plastiki bado imefungwa. Selotepu ya kiwanda haijaguswa.

"Nilijua hio siku uliileta," akasema.

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Set book." Mnajua kwa nini? Kwa sababu darasani kwangu, ukipatikana hujasoma set book, kile kitabu cha fasihi cha mtihani, unasimama nje kipindi kizima. Nilikuwa nimesimamisha karibu wote waliokuwa pale.

"Nilikuuliza ndio unipe nafasi ya kutoiweka kwa mlango," Halima akaongeza. "Baba ndiye alisema niiache. Alisema utakuja tu."

Nilitaka kuenda. Mzee akagonga kiti cha kando na mkono wake mzuri. "Kaa."

Nikakaa. Halima akaikata ile plastiki, akanipa. "Msomee."

Nikaanza kusoma kwa sauti, natafsiri kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi wangu.

Yule shujaa zamani alikuwa na sauti inayoweza kusimamisha treni. Sasa amepata ugonjwa, sauti imekwisha, na mji umemsahau. Mvua inanyesha usiku kucha na daraja linakatika katikati. Alfajiri basi inakuja imejaa watu. Anajaribu kupiga kelele, hakuna kitu kinatoka. Anapunga koti lake. Dereva anampigia honi, abiria wanamtukana, wanamwita mlevi. Basi haipunguzi mwendo. Ndio yule mzee anaweka fimbo chini, analala katikati ya barabara.

Kurasa za mwisho hazikuwa na maneno. Picha tu. Nikaanza kuzifungua tu.

"Sema... unachoona," mzee akaniambia.

Nikajaribu. "Basi imesimama. Iko karibu na miguu yake kabisa. Dereva ameshuka, amekunja ngumi. Anampita yule mzee... anafika pale mbele..."

Nikakwama. Maneno yalikataa, na nilikuwa naona watu wote wananiangalia.

Mzee Abdullahi alinisubiri.

Hakunimalizia. Yeye alikuwa anajua hio sentensi inaisha aje, alikuwa ameisikia mara tatu. Alikaa tu akiniangalia, hana haraka, mpaka nikaipata mwenyewe.

"Anaona hakuna daraja. Anarudi. Anakaa chini kwa barabara kando ya yule mzee. Hakuna anayesema kitu."

Nikafunga ile comic. Nilikuwa nimeaibika na nimeguswa kwa wakati mmoja, na mtu akiwa hivyo hafikirii vizuri. Nikachukua kalamu kwa kaunta, nikaenda mlangoni, nikaikata ile review kwa mstari na kuandika kwa herufi kubwa: NAMBA MOJA.

"Hapana," mzee akasema nyuma yangu.

Nikageuka.

"Wewe... tena... unadanganya." Akapumzika. "Michoro... mbaya. Basi yote... haina... side mirror."

Duka lilicheka mpaka watu wa stage wakageuka. Halima alishika kaunta.

Mzee akainua vidole vinne. Namba nne. Nikamuuliza sasa namba moja ni gani, na safari hii nikafunga mdomo nikangoja. Ilichukua muda.

"Mtu... wa Chumvi."

"Kwa nini, Mzee?"

"Huyo... ningemweka... bomani. Ng'ombe... wangemlamba... miaka... kumi."

Niliandika review mpya wikendi hio, baada ya kusoma zote sita, kila ukurasa. Mtu wa Chumvi ilikuwa nzuri kuliko nilivyofikiri, mzee hakukosea. Kikosi cha Machweo ilikuwa mbaya kuliko nilivyofikiri, na sasa nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Chini niliandika kwamba ile ya kwanza niliiandika bila kusoma tatu kati ya hizo. Halima akasahihisha spelling mbili, akabandika.

Jumatatu nikaambia darasa ukweli. Kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa heshima kabisa kama sheria ya set book ni ya wanafunzi peke yao. Nikatoka nje, nikasimama kando ya mlango kipindi kizima, Naserian akafundisha.

Headmaster akapita. "Barasa, unafanya nini nje?"

"Sikusoma, sir."

Aliniangalia, akaangalia darasa linaloandika, akaenda zake. Nafikiri ni kipindi bora zaidi darasa hilo liliwahi kupata.

Kutoka hapo, kila Jumamosi nilikuwa namsomea Mzee Abdullahi zile issue zilizofuata, naye anatoa hukumu. Sauti ya sokoni haikurudi. Lakini sentensi zake zilirefuka kidogo, hasa akiwa anaponda. Kwa Nzige wa Chuma aliwahi kusema maneno kumi na moja bila kupumzika, na Halima akaita jirani aje asikie.

Haikufika miaka miwili, kampuni ikatangaza inaanza tena upya. Wote sita, number one. Nilipomwambia mzee alifikiri, akauliza, "Kwani... hii ya kwanza... waliisoma?"

Mzee ametutoka miaka kadhaa sasa. Halima ako na duka kubwa zaidi Isinya, na bado ananikatalia review kama naandika haraka.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akiongea pole pole, muda anaohitaji ni wake, si wa kujaziwa. Na kabla ya kusema kitu ni takataka, angalau toa plastiki.

Sasa wakuu, wale mnapanga orodha kwa ule uzi mwingine: ni ngapi mmesoma mpaka ukurasa wa mwisho? Na kuna mwenye amewahi kuumbuliwa hivi hadharani, ama niko peke yangu? Leteni, uwanja ni wenu. Hata kama comment yako ni ndefu, nitafika mwisho ndio nijibu.